Nimepewa sehemu moja ya kumi ya nyumba ya Mikanjuni. Nikate rufaa au nipokee?

MamaZuhura – Jumatano, saa 4:10 usiku

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu habari za usiku. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Makorora hapa Tanga kwa dada yangu tangu mwezi wa Rajabu. Nimeandika nikafuta mara nyingi. Leo naandika yote.

Niliolewa mwaka 2009. Mume wangu ni dereva wa malori. Wakati ananioa alikuwa na kiwanja Mikanjuni alichonunua miaka miwili nyuma, juu yake pana msingi tu, umeshaota nyasi. Tulipanga chumba Ngamiani, Barabara ya 14, mpaka 2013 tulipohamia kwenye vyumba viwili vilivyoezekwa, madirisha tumeziba kwa magunia. Leo nyumba ile ina vyumba vinne, ukumbi, baraza ya mbele na choo cha ndani. Mthamini ameisema shilingi milioni 38.

Yeye siku nyingi alikuwa njiani. Arusha, Dar, wakati mwingine Kigoma. Mimi mchele naloweka jioni, saa kumi alfajiri nipo jikoni, saa kumi na mbili vitumbua viko barazani, watoto wa shule na vijana wa bodaboda wananipitia. Pesa ya vitumbua ndiyo iliyonunua maji ya kumwagilia matofali na kuwalipa vibarua wa mchanga. Mwaka 2016 nilipopokea mchezo wa kikundi chetu nilinunua mabati 22 ya upande wa mbele. Mafundi walikula kwangu. Mama yake alipopata kiharusi aliletwa kwetu, nikamwogesha na kumlisha miaka minne mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua, na wifi zangu wote wanajua.

Mwaka jana akanitumia talaka kwa ujumbe wa simu. Tukaenda baraza la usuluhishi, hatukupatana, wakaniandikia hati, nikafungua shauri mahakama ya mwanzo. Hukumu imesomwa siku kumi na mbili zilizopita. Ndoa imevunjwa. Vyombo tumegawana, cherehani ni yangu. Nyumba: yeye asilimia 90, mimi asilimia 10. Katika yaliyosomwa mawili nimeyashika, maana yalinichoma. La kwanza, kiwanja kilinunuliwa kabla sijaolewa. La pili, mdai hakuleta stakabadhi hata moja.

Nimekwenda mara tatu kuomba nakala ya hukumu, naambiwa bado inachapwa. Kaka zangu wanasema pokea hiyo milioni tatu na laki nane ukaanze maisha, kesi inakula mtu. Mama hasemi kitu, ananitazama tu. Na jana jirani wa Mikanjuni amenipigia, kuna mtu wanamdhania dalali kaonekana anapima uwanja kwa hatua.

Naomba mwenye kujua aniambie. Kiwanja kikiwa cha kabla ya ndoa, nyumba yote inakuwa ya mume? Na mtu aliyeuza vitumbua miaka kumi anathibitisha vipi alichotia kwenye nyumba?

---

KijanaWaDuga – Jumatano, saa 4:31 usiku

Pole sana dada. Kata rufaa kesho asubuhi. Kuna hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya Mahakama ya Rufani, inasema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Hapo ni nusu kwa nusu. Itaje hiyo tu mbele ya hakimu, umemaliza.

---

KaraniMstaafu – Jumatano, saa 5:20 usiku

Pole mwanangu. Nimekuwa karani wa mahakama tangu 1983 mpaka nilipostaafu 2021, karibu miaka yote hapa hapa mkoani: Korogwe, Muheza, kisha mjini. Mimi si wakili. Lakini mashauri ya ndoa yaliyopita dirishani kwangu ni mengi, na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu: hukumu ya Bi Hawa kila mtu anaitaja, na wanaoisoma mpaka mwisho ni wachache mno.

Kijana wa Duga, hukukosea kuitaja. Umekosea hapo uliposema nusu kwa nusu.

Ilitoka mwaka ule ule nilioanza kazi. Nakala ilitufikia imepigwa stenseli, wino umefifia pembeni, yote kwa Kiingereza, na hakimu wetu akakaa nasi baada ya kazi akitufasiria sentensi kwa sentensi. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983. Aliyeiandika ni Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama Kuu ilikuwa imemwambia yule mama kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa pesa ya mume. Siku zile majaji walikuwa wamegawanyika. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja mchango wa fedha, mali au kazi. Wengine wakasema hiyo kazi ni ile inayoonekana kwenye mali yenyewe, umebeba tofali au umemlipa fundi. Wengine wakasema kupika, kulea na kutunza nyumba nako ni kazi, kwa kuwa mume hawezi kutoka kwenda kutafuta kama hakuna aliyebaki. Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hawa wa pili. Watu wengi huishia hapo, wanakunja karatasi.

Ukiendelea kusoma utakuta Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika ile nyumba. Mahakama iliona mume alishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia na yeye akazitapanya. Ikasema kosa la mwenzi katika ndoa linaingia kwenye hesabu pale linapopunguza ustawi wa familia. Hoja yake imewasaidia wanawake wa nchi hii kwa miaka zaidi ya arobaini, na yeye alitoka mikono mitupu. Ndiyo maana sipendi mtu apewe jina la Bi Hawa kama tiketi ya basi. Hakimu anayeijua atakuuliza: wewe mchango wako ni upi, na nani aliuona?

Haya, kiwanja. Hapa, kwa ulivyoeleza, unayo hoja nzito. Kifungu hicho hicho cha 114, kifungu kidogo cha 3, kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia katika mgawanyo ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na yule mwenzake, au kwa nguvu za wote wawili. Mlikuta msingi umeota nyasi, mmeacha vyumba vinne. Thamani ya kiwanja inaweza kuhesabiwa upande wake, wala usiigombanie. Kuta, paa, milango, choo, hivyo ndivyo vya kujadiliwa, na kama hakimu aliishia kwenye tarehe ya kununua kiwanja bila kuuliza kilichojengwa juu yake kilijengwa lini na nani, hiyo ni sababu yako ya kwanza ya rufaa.

Stakabadhi. Sheria haikuweka sharti la stakabadhi. Mahakama ya Rufani ilipokuwa imekaa hapa hapa Tanga, katika Rufaa ya Madai Na. 102 ya 2018, ilieleza kwamba ukubwa wa mchango unaamuliwa kwa ushahidi ulioletwa. Ushahidi ni mtu aliyeona kwa macho yake akaja kusema. Ni daftari. Ni kumbukumbu za pesa kwenye simu. Stakabadhi ni kimojawapo tu.

Na sasa lililonifanya nisilale kabla ya kukujibu. Siku kumi na mbili zimekwenda! Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ni siku 30 kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Sheria ya Ndoa kifungu cha 80 kinataja siku 45, na mawakili wamebishana sana juu ya hizi hesabu mbili. Wewe usiingie kwenye ubishi huo. Jipimie kwa fupi, 30. Na usisubiri nakala. Kanuni za rufaa zinazotoka mahakama ya mwanzo hazikulazimishi kuambatanisha nakala ya hukumu. Unaandika sababu zako za rufaa, unazipeleka mahakama ya wilaya, unalipia, zinagongwa muhuri. Nimepokea akina mama waliokaa wakingoja nakala mpaka siku ya 34, wanafika na karatasi safi kabisa, na mimi ndiye wa kuwaambia kwamba kwanza waombe kuongezewa muda, na kungoja nakala isiyohitajika ni sababu dhaifu. Sikuzoea kuyasema maneno hayo hata siku ninastaafu.

---

DerevaWaMasafa – Alhamisi, saa 12:45 asubuhi

Naheshimu maneno ya mzee. Lakini na sisi tusikilizwe. Mimi pia ni dereva, nalala chini ya lori Singida, naumwa na mbu, natuma pesa. Nikirudi naambiwa nyumba niliyojenga kwa jasho langu igawanywe na mtu aliyekuwa amelala kwenye kitanda nilichonunua mimi. Na kitumbua ni kitumbua. Milioni 38 haijengwi kwa vitumbua.

---

KaraniMstaafu – Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Ndugu yangu, huku kulala chini ya lori ndiko kunakohesabiwa, na ndiyo maana hakuna sheria ya nusu kwa nusu Tanzania. Hata nyumba ikiandikwa jina lako, kifungu cha 60 kinaanza kwa kudhani ni yako, na anayedai vingine ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Umelindwa kiasi hicho.

Nikuulize kitu kimoja, na ujijibu mwenyewe. Ulipokuwa Singida, watoto walikula kwa nani? Ungeajiri mtu wa kukaa na mama yako mwenye kiharusi miaka minne, mchana na usiku, kumgeuza, kumsafisha, ungemlipa kiasi gani kwa mwezi? Zidisha kwa miezi arobaini na minane. Pesa hiyo hukuitoa, ikabaki mfukoni mwako, ukanunulia saruji. Majaji wa mwaka 1983 waliiona pesa hiyo.

---

BiPongwe – Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Shoga yangu MamaZuhura, mimi nimepita hapo hapo. Mahakama ya mwanzo nilipewa godoro na masufuria. Nilikata rufaa nikapata asilimia 35. Sikuwa na wakili. Nilikuwa na msaidizi wa kisheria aliyenipangia karatasi, hakunitoza hata nauli, na tangu ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wanaotambulika rasmi, ukiuliza ofisi ya ustawi wa jamii watakuelekeza. Mahakamani hasimami yeye, unasimama wewe. Jiandae kwa hilo. Mimi miguu ilitetemeka nikashika meza.

Kilichonisaidia ni fundi wangu wa kupiga lipu. Alisema: "Mwenye nyumba sikuwahi kumwona, aliyenilipa ni huyu mama, na siku ya mwisho alinilipa kwa noti za elfu mbili mbili na sarafu." Zile sarafu ndizo hakimu alizoziandika.

Mtafute fundi wako leo. Wafu hawatoi ushahidi na wengine wanahamia Dar.

---

MamaZuhura – Alhamisi, saa 8:15 mchana

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nimemsomea mama. Mzee Karani, shikamoo, Mungu akulipe.

Kuna jambo sikuliandika jana. Nililiruka kwa makusudi, na uliposimulia yaliyomkuta Bi Hawa moyo ulinipasuka. Mwaka 2015 mume alinipa shilingi milioni moja na laki mbili ninunue friji kubwa la kuuzia barafu na juisi, iwe biashara ya nyumba. Wiki ile ile mama yangu akaanguka, akalazwa, akahitaji upasuaji. Nilimpigia simu mume, alikuwa Kigoma, akaniambia "fanya unavyoona". Nilitumia pesa yote kwa mama. Alipona. Ndiye huyu niliyemsomea leo.

Friji halikununuliwa. Aliporudi alikasirika, kisha likapita, tukaishi. Lakini mahakamani aliliibua. Alisema "nilimpa mtaji akaula". Sikuweza kujibu, nililia tu. Hakimu alipokuwa anasoma hukumu hakulitaja, ila najua limeandikwa kwenye mwenendo wa shauri.

Je, mimi ndiye Bi Hawa? Nikikata rufaa si ndiyo nitapoteza hata hii asilimia 10?

---

KijanaWaDuga – Alhamisi, saa 8:40 mchana

Dada, mimi nimejifunza kitu jana, samahani kwa haraka yangu. Lakini kwa hili si useme tu hakukupa hiyo pesa? Hana stakabadhi naye.

---

KaraniMstaafu – Alhamisi, saa 9:10 alasiri

Kijana, hapana. Hapana kabisa. Nimeona mtu mwenye haki akipoteza kesi nzima kwa uongo mmoja mdogo, kwa sababu hakimu akishakukamata katika moja hakuamini tena katika kumi. Na huyu mama atakula kiapo.

Mwanangu, nimetoka kwenye kivuli cha mwembe nimekuja ndani ili nikuandikie vizuri.

Kwanza, hofu yako ina msingi. Rufaa ya kwanza inaupima upya ushahidi wote, kwa hiyo ile milioni moja na laki mbili inaweza kusimama tena mbele yako. Mume naye akikata rufaa yake dhidi ya ile asilimia 10, inaweza kuguswa. Siwezi kukuahidi kwamba huwezi kupoteza.

Pili, soma tena Bi Hawa kwa utulivu. Mahakama ilitazama kutapanya, kosa linalopunguza ustawi wa familia. Wewe fedha ilikwenda hospitali, kwa mama mzazi, kwa dharura, na mwenye fedha alipigiwa simu. Mahakama inaweza kuliona jambo hili tofauti kabisa. Inaweza pia kusema ilikuwa fedha ya nyumba ikatibu mtu asiye wa nyumba ile. Lakini huyu mume, mama yake aliuguzwa na nani? Mzani wa mama zenu wawili unaweza kuuweka mbele ya hakimu bila kumtukana mtu.

Tatu, na hili ndilo nililoliona nikisoma maandishi yako mara ya tatu. Pesa ya friji ni 2015. Mabati 22 ni 2016. Yaani baada ya huo "mtaji alioula", wewe ndiye uliyeezeka upande wa mbele kwa mchezo wako mwenyewe. Mahakamani uliyasema haya kwa mpangilio wa miaka? Nadhani hapana, ulikuwa unalia. Yaseme sasa, mwaka kwa mwaka, na daftari la mchezo likiwa mkononi. Kama mahakama itaona kulikuwa na deni, itaona na malipo yake.

Utaniuliza: nitaletaje daftari na fundi wakati ushahidi ulishafungwa? Kwa kawaida rufaa haileti ushahidi mpya. Ila Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kifungu cha 21, inaipa mahakama ya wilaya uwezo wa kuielekeza mahakama ya mwanzo ichukue ushahidi wa ziada, au kuusikiliza yenyewe kwa sababu itakazoziandika. Haiji yenyewe, unaiomba. Kwenye karatasi yako ya rufaa usiishie kuandika "sikuridhika". Andika: naomba ushahidi wa ziada uchukuliwe, wa fundi aliyeezeka na wa mweka hazina wa kikundi, kwa sababu nilidhani stakabadhi pekee ndiyo inayokubalika. Useme hivyo kama ndivyo ilivyokuwa.

Cheti cha hospitali cha mama kitafute, hata cha kuruhusiwa kutoka. Ile simu ya Kigoma, kama hakuna aliyesikia, usimtafute wa kusema alisikia. Sema ulipiga, sema alijibu nini, basi.

Na huyo dalali. Ukishasajili rufaa, omba hapo hapo amri ya kuzuia nyumba isiuzwe mpaka rufaa isikilizwe, kisha nakala yenye muhuri umpelekee mwenyekiti wa mtaa wa Mikanjuni, maana kiwanja kisichopimwa huuzwa mbele yake na hatataka kugonga muhuri juu ya amri ya mahakama.

---

UstadhNgamiani – Alhamisi, saa 1:50 usiku

Naomba niingie kidogo kwa upande wa dini, kwa kuwa wengine watamwambia huyu dada kwamba kudai nyumba ni kutoka katika sheria ya Mwenyezi Mungu. Kwetu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, ndoa haiziunganishi. Hiyo ni kweli. Lakini kwa hoja hiyo hiyo, mabati aliyonunua kwa pesa yake hayakuwa zawadi kwa mume mpaka aseme ni zawadi. Ni mali yake juu ya kuta za watu wawili. Anayeyachukua bila ridhaa yake amekula mali ya mtu.

Pia dada, mahari yako ilikwisha? Matumizi ya eda ulipata? Na kitoka nyumba? Sura ya Al-Baqara aya ya 241 imetaja waliotalikiwa wapewe cha kuwaliwaza kwa wema. Haya ni mbali na mgawanyo wa nyumba, na mume mwenye kumcha Mungu angeyatoa kabla hajaitwa.

---

DerevaWaMasafa – Alhamisi, saa 2:30 usiku

Nimekuwa na swali la mzee kichwani tangu Segera. Mama yangu mimi yupo kwangu, na anayemwogesha ni mke wangu. Sikuwahi kuihesabu. Dada, samahani kwa lile neno la kulala kwenye kitanda.

---

KaraniMstaafu – Alhamisi, saa 3:00 usiku

Umefanya vizuri kurudi kusema, ndugu yangu. Safari njema.

Niongeze moja ambalo halimhusu MamaZuhura peke yake. Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Mahakama ya mwanzo ilikuwa hivyo tangu zamani. Lakini Bi Hawa bado ipo kwa Kiingereza kile kile cha stenseli yangu, na hukumu nyingi za juu zinaendelea kuandikwa hivyo. Hukumu zenyewe zipo kwenye mtandao, TanzLII, bure, mtu yeyote anaingia. Mlango uko wazi na mwenye nyumba anazungumza lugha ya mgeni. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya Bi Hawa ilienea kwa mdomo na ya pili ikabaki kwenye makabati. Ningekuwa na nguvu ya macho ningezifasiri ishirini za mwanzo mwenyewe. Vijana wa sheria mnaosoma hapa, kazi hiyo ipo.

---

MamaZuhura – Jumamosi, saa 11:20 jioni

Nimerudi na habari kidogo.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda na dada kwa msaidizi wa kisheria, dada mmoja mpole sana. Tumeandika sababu nne. Ya kwanza ni kiwanja na kuendelezwa kwake, kama mzee alivyosema. Ya nne ni maombi ya ushahidi wa ziada. Jumatatu, siku ya kumi na saba, naipeleka. Nakala ya hukumu bado haijatoka na sasa siingoji.

Ya friji tumeiandika. Msaidizi aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo. Mama alisikia. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki, ndani mna cheti chake cha kuruhusiwa hospitali cha 2015. Miaka yote hii kakiweka chini ya godoro na sikujua. Amesema atakuja mahakamani na yeye, asimame pale aseme pesa ile ilikwenda wapi.

Daftari la mchezo lipo kwa mweka hazina, Mabawa. Ukurasa wa mwezi wa nane 2016 una jina langu na sahihi yangu.

Fundi nilimtafuta siku mbili. Amehamia Pongwe, BiPongwe ndiye aliyenisaidia kumpata, Mungu ambariki. Nimemkuta ameketi kwenye gogo anapiga randa mlango. Nilipojitambulisha hakunikumbuka sura. Nikamwambia nyumba ya Mikanjuni, ile ya karibu na mnazi uliopigwa na radi. Akaweka randa chini. Akasema: "Wewe ndiye uliyeleta mabati kwa mkokoteni na mvua inanyesha, ukayafunika kwa kanga zako." Nikamuuliza atakuja kulisema hilo? Akaniuliza siku gani.